Herufi Iliyofutika

Luthuli, ghorofa ya pili, duka la upana wa mlango.
Muthengi ananionyesha ile yenye taa za rangi chini ya vitufe.
"Hii, mama, inacheza michezo yote."
Mimi sina mchezo. Nina elfu kumi na nane
zilizokunjwa ndani ya daftari la chama,
na vitenge vya watu, nishone, nisahau nani alilipa nusu.

Nataka ya kuandika madeni.
Nataka betri itakayovumilia stima za Kayole
zikipotea saa mbili, Kwamboka akiwa katikati ya insha.
Basi.

Anateremsha nyingine, nyeusi, nzito,
imetoka ng'ambo, mgongoni ina kibandiko
cha ofisi fulani, lugha siijui.
Naikagua kama kitambaa:
napitisha kidole kwenye bawaba, natafuta palipolegea,
nainusa. Muthengi anacheka.
Naandika jina langu polepole. Kila herufi inaitika.

Ila A imefutika. Kuna mtu huko
aliyeibonyeza miaka na miaka
mpaka rangi ikahamia kidoleni mwake.
Aliandika nini? Hesabu? Barua za kufuta watu kazi?

"Nikupunguzie mia tano kwa hiyo A."
Elfu moja, nasema, na mfuko juu.

Usiku, meza ya cherehani, vipande vya uzi vimesukumwa kando.
Deni la kwanza: Auma, gauni, mia nne.
A nimeipapasa,
nikaipata.