Barabara ya Shangazi

Shangazi Nyangeta amejifungua Bugando,
ndivyo anavyomwambia muuza karanga pale Igoma:
mtoto wa jicho, uzeeni, na hakuna aliyeniuliza baba yake.
Jicho la kulia limezibwa pamba na plasta,
la kushoto lina ukungu wake wa miaka.
"Wewe endesha," ananiambia, "na unisomee njia."

Nikaanza na vilima vya mjini tulivyoviacha nyuma:
jiwe limempakata jiwe,
juu ya jiwe nyumba, juu ya bati antena,
na mtoto anakojoa ukingoni bila wasiwasi.
"Hayo mawe nayajua. Hayajaanguka tangu niolewe.
Songa mbele."

Kisesa. Magu. Pamba imepasuka mashambani.
Darajani Simiyu, maji ya tope
yanaburuta gogo kama mzee anayehamishwa bila kuulizwa.
Nilitafuta neno, likanikimbia, nikasema, "Pazuri."
"Pazuri ndiyo nini? Hata jeneza huitwa zuri."

Basi nikajifunza.
Nikasema, kuna mlima umelala kifudifudi,
mgongo umechunika, mbavu za mwamba ziko nje,
na mbuzi watatu wanatembea juu ya mbavu hizo.
Nikasema, ziwa liko upande wako,
linatokea, linapotea, linachungulia kati ya vilima
kama mdeni anayeangalia kama mwenye duka yupo.
Alicheka mpaka karanga zikamwagika.

Baada ya Lamadi, nyani wamekaa barabarani
kama mgambo wa ushuru.
Nilipiga honi. Hawakutoa risiti, hawakutoa njia.

Kisha Bunda, na vilima vya Balili.
Hapa ndipo alipokuwa akipasubiri tangu asubuhi,
sikuambiwa, niliona alivyojifunga kitenge upya
na kukaa wima kama anayeitwa jina.
Na hapohapo mvua ikapanda kutoka ghubani,
ikameza mlima, ikameza lami, ikameza pua ya pikapu.
Sikuona kitu.
Nikasema, "Shangazi, ghuba yote iko wazi! Buluu!
Ukerewe ile kule, na tanga jeupe, moja, hapana, mawili."

Alinyamaza.
Akateremsha kioo, akatoa mkono nje,
akaurudisha unachuruzika,
akanipangusa nao uso mzima, taratibu, kama enzi za utoto.
"Kumbe buluu inalowesha," akasema.

Tukaegesha kando. Injini ikapoa ikilialia.
Watu wawili, nusu jicho kati yetu,
harufu ya lami mbichi, ya samaki, ya udongo uliokuwa na kiu.
Nusu saa, labda zaidi.

Yeye ndiye aliyeanza, na kidole chake kikiwa kimeganda hewani:
"Pale chini. Kuna kitu kinang'aa.
Ni bati, au ni maji?"

Nikafuta kioo kwa kiganja.
Nikatazama vizuri
kabla sijamjibu.