Utangulizi, Rasimu ya Saba

Saa tisa alasiri, na giza limekwisha kuingia Joensuu.
Saimi Korpivaara yuko ghorofa ya tatu, idara ya maziwa na mito.
Kahawa imeota utando.
Sentensi ya kwanza inamgomea:

*Ziwa Halmejärvi huganda wiki ya pili ya Novemba.*

Hu. Herufi mbili tu,
kiambishi cha mambo yasiyo na wasiwasi:
jua huchomoza, maji huteremka, deni hudaiwa.
Leo ni tarehe tisa Desemba.
Simuni ana picha ya asubuhi kutoka gatini:
maji meusi, bata watatu, ngazi ya sauna imeloa.

Anafuta. Anaandika *lilikuwa likiganda*.
Sentensi ikanuka ubani wa matanga.
Anafuta. Anaandika *limekuwa likiganda*,
nayo ikasimama mlangoni, mguu ndani mguu nje,
kama mgeni asiyejua kama ameitwa.

Mhariri wa jarida, bwana mmoja wa Uppsala asiye na haraka,
amemwachia pembeni maneno mekundu:
Uliyoyafanya, wakati uliopita.
Yanayojulikana, wakati uliopo.
Amua.

Aya ya pili ni ya waliotangulia.
*Lehtisalo anaonyesha kwamba barafu changa* —
anaonyesha!
Lehtisalo walimzika Machi, ardhi ngumu,
hata ikabidi kaburi lipashwe moto kwanza kwa mashine.
Miaka kumi na mmoja alimsimamia Saimi,
akila dagaa wa ziwani kwa vidole juu ya rasimu za watu,
akizirudisha na madoa ya mafuta na neno moja: Bado.
Kanuni haitaki kujua. Ndani ya makala marehemu hudai,
hueleza, hukanusha, hata hubishana na vijana.
Saimi alijaribu *alionyesha*, mara moja.
Akaona sepetu.
Akairudisha *na* mahali pake, akasogea mbele.

Lakini takwimu zenyewe si za Lehtisalo.
Ni za Hilja Turtiainen, karani wa posta,
kijitabu cha kurasa za mistari, penseli,
majira ya kuchipua arubaini na moja.
Kila mwaka mstari mmoja:
*Tarehe tano Mei. Barafu inaondoka.*
*Tarehe kumi na moja Mei. Barafu inaondoka.*
Yupo pale dirishani daima, huyo mama,
na barafu daima inaondoka.

Mwaka wa elfu moja mia tisa na arubaini mstari ukarefuka:
*Tarehe kumi na tisa Mei. Barafu inaondoka. Eino hajarudi.*
Mwaka uliofuata, hajarudi.
Vita vikaja tena, vikaisha, posta ikapakwa rangi ya manjano,
hajarudi.
Mpaka kijitabu kinakwisha, mwandiko umekuwa mkubwa na wa kutetemeka,
hakuna hata mara moja alipoandika *hakurudi*.

Saimi alizihamishia tarehe zote kwenye jedwali.
Eino hakuwa na safu.

Sasa imebaki sentensi ya kufungia,
ile ambayo makala hujisemea yenyewe:
*Makala hii inachunguza.*
Inachunguza nini, na vipimajoto vimekwisha rudi stoo tangu Agosti?
Lugha ya mama yake Saimi haina wakati ujao;
kwao kesho husemwa kwa kitenzi cha leo,
na hakuna aliyewahi kukosa treni kwa sababu hiyo.
Basi na iwe inachunguza.

Saa moja usiku. Mfagiaji amepita, amezima taa za ukumbini.
Saimi anapanda tena juu, kwenye sentensi iliyomgomea,
anaifuta yote, pamoja na Novemba,
na kwa kitenzi alichoazima posta anaandika:

*Hadi tunapoandika haya, Ziwa Halmejärvi halijaganda.*

Mhariri atauliza: ni wakati gani huu?