Supu ya Ndizi

Mwalimu Mlaki aligawa majina kama anayegawa madaftari.
Mimi nikaangukiwa na Tuulikki,
Ufini, miaka kumi na minne, ana paka.
U mbili, k mbili, kama watoto walioshikana mikono.
Nililifanyia mazoezi njiani kurudi Rau
mpaka mdogo wangu akauliza hilo ni tusi la wapi.

Yeye hakuwa Mwingereza. Wala mimi.
Tulikutana ndani ya lugha ya kuazima
kama wageni wawili kwenye sebule ya mtu,
kila mmoja anaogopa kukalia vitambaa.

Akauliza tunakula nini.
Nikaandika: mtori, wa mshare, na nyama ya mfupa,
mama huuponda kwa mwiko hadi bega limuume.
Kalamu nyekundu ikapita.
Andika supu ya ndizi, alisema mwalimu,
wenzetu wataelewa hivyo.
Barua ikapanda ndege. Mtori ukabaki Moshi.

Wiki saba. Kila Ijumaa nikipita Posta,
kwenye sanduku la chama cha ushirika:
bili ya maji, tangazo la mkutano wa kahawa.
Kisha bahasha, na stempu ya ndege mwenye shingo ndefu.

Nimepika supu yako, aliandika.
Ndizi tatu za njano, maziwa, sukari kidogo.
Baba alionja, akaenda kuangalia gari.
Mimi nilimaliza bakuli.

Nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi,
halafu kicheko kikanikwama.
Mtu nisiyemjua,
huko ambako saa tisa alasiri ni giza,
amekula kosa letu kijiko kwa kijiko
akidhani ndiyo mimi.

Barua iliyofuata sikumwonyesha mwalimu.
Stempu niliinunua kwa hela ya maandazi.
Mbichi, Tuulikki. Ndizi mbichi. Na nyama. Samahani.
Nikachora mkungu. Nikamchora mama na mwiko wake;
mama akaangalia, akasema, mbona umeninenepesha.

Jibu lilifika masika, mlima umejifunika siku ya tano.
Ndizi mbichi kwao hakuna.
Ametumia viazi.
Baba yake ameomba kuongezwa.
Na juu kabisa, kabla ya tarehe, kabla ya salamu,
kwa herufi kubwa:
MTOORI.

O mbili.
Sikumsahihisha.