Theluji ya Uchochoroni

Mzee Shigenobu hapendi kushukuriwa.
Ukimkuta juu ya paa la jirani yake, Bi Tokiwa,
sepetu mkononi, pumzi zikimtoka kama mvuke wa birika,
atakuwahi kabla hujafungua mdomo:
"Paa hili likiporomoka litaangukia jiko langu.
Najilinda mwenyewe. Pita zako."

Nami hupita. Mimi ni tarishi wa posta;
bonde hili la Akita nimelikanyaga vipupwe kumi na tisa,
na nyumba hizi mbili nazijua,
zimesimama bega kwa bega
kama watu walionuniana kwenye foleni.
Jiko la Shigenobu liko upande wa pili.
Upande huu kuna kabati la viatu
na baiskeli isiyo na mnyororo.

Bi Tokiwa naye ana hesabu zake.
Kila Novemba hutundika figili juu ya moto wa kuni
zikolee moshi, ziwe rangi ya ngozi ya kiatu,
kisha humpelekea Shigenobu ndoo nzima.
"Zimenishinda. Nikizitupa zitaninukia uani.
Afadhali zimnukie yeye."
Ana miaka themanini na minne, meno manne.
Tangu lini kibogoyo akakosea kipimo cha figili
mwaka hata mwaka,
kwa ndoo ileile?

Tumezoea mtu avae wema juu,
ubinafsi aufiche ndani kama fulana iliyotoboka.
Hawa wameivaa fulana juu ya koti.

Jana nilisimama uchochoroni, kati yao.
Mapaa yote mawili yalikuwa yamemwaga mzigo,
theluji imefika madirishani,
ya huku imelalia ya kule.
Nikataka kujua, kwa ukaidi tu, ipi ni ya nani.
Nikachimba kwa kiatu. Nyeupe.
Chini yake, nyeupe.
Chini kabisa, alama za sepetu:
njia ya upana wa mtu mmoja
kutoka mlango wa huyu hadi mlango wa yule,
isiyopita karibu na jiko la mtu yeyote.

Sikuwaambia.
Na niseme yangu pia, maana goti langu la kushoto ni bovu:
njia ile hunipunguzia mzunguko mrefu,
na hawa wakianza kuoneana haya
nitapita wapi?

Kwa hiyo nimenyamaza.
Mfukoni, ndani ya gazeti,
nina kipande cha figili. Sikukiomba.
Ati kilikuwa kimezidi.