Hesabu ya Ukutani

Somoe huandika kwa mkaa, ukutani:
mtungi mdogo, wiki tatu;
ukibandikwa maharage, mbili.
Luku ya elfu tano, siku tisa.
Kwa wifi yake Nantende, ng'ambo ya ua,
elfu tano hiyohiyo inafika mwezi uandame.

"Unapika nini wewe, mawe?"
"Pasi, wifi. Sare za watoto wanne."
Nantende hana pasi.
Gauni hulikunja chini ya godoro, akalilalia.

Hapa Madimba bomba linapita karibu na mihogo yao,
limeshiba, halisemi, laelekea Dar.
Somoe hulivuka akienda kuchuma kisamvu.

Leo mtungi umekohoa, moto ukafa.
Anafuta "tatu", anaandika "mbili na nusu",
kisha kipande kilekile cha mkaa
anakitia jikoni,
anapuliza.