Bahari ya Ndoo Sita

Nimekula chumvi nyingi, bahari sijaiona.
Miaka thelathini na mmoja niliendesha lori
toka Ulaanbaatar hadi Zamiin-Uud na kurudi,
mchanga kulia, mchanga kushoto,
na leo daktari wa meno ananiambia: Dashnyam,
nipikie bahari.

Ndivyo ninavyolipa meno yangu ya bandia:
nafagia kliniki, nazoa majivu, nachunga tangi.
Ndoo sita za maji yaliyochujwa,
kilo nne na ushei za chumvi ya gunia
(si ile ya chai, Daktari Oyuunchimeg alinikemea),
pampu ikoroge usiku kucha.
Asubuhi nikachovya kidole, nikaonja, nikatema.
Kumbe bahari ni supu iliyosahauliwa nyama.

Bunju alifika Jumanne, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ndani ya mfuko, ndani ya mfuko, ndani ya boksi.
Nilimbeba kifuani chini ya koti la ngozi
kama mwanakondoo aliyewahi kuzaliwa kabla ya majani.
Ukubwa wa ngumi ya mtoto,
manjano, madoa, uso wa mbwa mwenye shaka.
Jicho moja lilinitazama mimi,
la pili lilitafuta mlango.

Nilizima taa.
Nikauacha mfuko uelee
mpaka joto la huku na la kule likasalimiana.
Kisha mpira mwembamba, nimeufunga fundo:
tone,
tone,
saa nzima na nusu nimechuchumaa juu ya ndoo,
goti likilia, nikihesabu
kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani,
bila haraka, bila faida.
Sarnai wa mapokezi akauliza, si ummwage tu?
Nikamwambia, wewe ukitolewa kitandani
ukarushwa thelujini, utasema asante?

Wavu haufai. Akiguswa na hewa atavimba,
atameza upepo mahali pa maji,
na upepo huo huenda usitoke.
Nilimchota humo humo majini kwa bakuli,
bakuli langu mwenyewe.
Maji ya safari nikayamwaga.
Uchafu wa njia usiingie nyumbani.

Akaenda nyuma ya jiwe. Akawa jiwe.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Jembe la huyu ni meno, na meno yake hayakomi kuota:
asipovunja maganda yatamfunga kinywa,
afe njaa mbele ya sahani.
Nikampa konokono. Hakugusa.
Nikampa kamba niliyemtoa barafuni. Hakugusa.
Siku ya nne nilibandika paji kwenye kioo
nikamwambia maneno niliyokuwa nikiliambia lori
likigoma kuwaka alfajiri, jangwani.
Akavimba.
Tumbo likawa mpira, na macho yote mawili,
kwa mara ya kwanza, yakawa kwangu.

Niliona haya.
Kumbe kilichomnyima hamu ni huu uso.

Basi nikageuza kiti. Mgongo kwake,
uso kwa Temuulen, miaka saba, shavu limejaa,
aliyeapa hafungui kinywa hata aje nani.
Mama yake alishachoka kumbembeleza.
Naye sikumtazama. Nilitazama viatu vyangu,
kamba moja imekatika tangu vuli.
Tukakaa hivyo, watatu, kila mtu na kinywa chake.

Kach.

Mtoto akainua kichwa. Nini hicho?
Usimkodolee, nikasema.
Kach, kach, kisha ganda likitua mchangani,
sauti ndogo kuliko kifungo kilichodondoka.
Anakula konokono?
Anakula.
Kwa meno gani?
Manne, nikasema. Mawili juu, mawili chini.
Wewe unayo mangapi?

Akafungua kinywa ahesabu.
Daktari alikuwa amesimama mlangoni,
kioo chake kidogo mkononi,
hasogei.