Tarakimu ya Nne

Tramu ya mwisho ya Debrecen ikishalala,
Emőke hushuka chumba cha chini ya chuo
na kuvua viatu. Hata unyayo una uzito.

Fimbo inaning'inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele;
kando yake, matufe mawili ya risasi
yanaivuta
kwa nguvu isiyoweza kumwamsha mbu.

Mwaka wa kumi na mmoja anauuliza ulimwengu:
unavuta kiasi gani?
Tarakimu tatu hujibu bila kusita.
Ya nne hukwepa.
Mvua ikinyesha, udongo wa bustani hunenepa,
na fimbo huhisi.

Gellért, mumewe, muuza jibini, humtania:
"Mimi nikipunja gramu kumi, mteja anarudi."
Wote hucheka. Kisha yeye hunyamaza,
kwa kuwa idadi inayoibana jibini kwenye mizani
ndiyo inayouzuia mwezi usitoroke,
wala hakuna hesabu ijuayo
kwa nini iwe hiyo,
isizidi chembe, isipungue.

Alfajiri huandika kwa penseli:
tatu, kisha alama ya kuuliza.
Huvaa viatu.
Ngazi ni arobaini na mbili,
na kila moja humvuta chini
kwa kiasi kilekile.